Rod Stewart na Elton John: nani alianza kwa tabu zaidi?

Swali: Mimi na kaka yangu tunabishana kila tukikutana. Yeye anasema Elton John alibebwa na shule ya muziki, lakini Rod Stewart alitoka mtaani, akajitengeneza mwenyewe, kwa hiyo ndiye msanii wa kweli. Mimi nampenda Elton na sina la kumjibu. Je, ni kweli walianza hivyo? Na nikitaka kuwasikiliza walipokuwa bado vijana, nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu yangu, kuhusu waimbaji hawa wawili wa Uingereza kaka yako ameshika nusu ya habari, na nusu aliyoishika ni ya kweli. Elton alisoma muziki, Rod alilala nje. Lakini mkibaki kwenye shule na mtaa mtalipita jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba wote wawili walifundwa na mtu mmoja, tena kwa kupokezana, na kila mmoja alipungukiwa na kitu ambacho mwenzake alikuwa nacho tele. Rod alikuwa na sauti, hana nyimbo. Elton alikuwa na tuni zisizokwisha kichwani, hana maneno ya kuziimbia, na karibu watu wote waliomzunguka waliamini mahali pake ni nyuma ya kinanda. Miaka yao yote ya mwanzo ni hadithi ya kukitafuta kile kilichokosekana.

Nianze na Rod, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alizaliwa tarehe 10 Januari 1945 huko Highgate, kaskazini mwa London, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa Mskoti, fundi ujenzi ambaye baadaye alifungua duka la magazeti, na nyumba nzima ilikuwa ya mpira. Alipotimiza miaka 14, Rod alitamani zawadi ya kituo cha reli ya kuchezea. Baba akamletea gitaa. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku ile alinuna.

Kuhusu mpira, mtasoma mahali pengi kwamba aliwahi kusajiliwa na klabu ya Brentford. Hapana. Alikwenda kufanya majaribio, na katika kitabu cha maisha yake amekiri kwamba klabu haikumwita tena. Akashika vibarua vya hapa na pale, kimojawapo kwenye makaburi ya Highgate, kazi yake kupima viwanja vya kuzikia. Kisha akaondoka na rafiki zake wapiga gitaa, wakaimba barabarani Ulaya, wakalala chini ya madaraja ya Paris, hadi mwaka 1963 Hispania ikamrudisha kwao kwa kosa la uzururaji. Hapo kaka yako ana haki yake: hiyo kweli ni njia ya mtaani.

Sasa njoo stesheni ya Twickenham, Januari 1964, usiku. Rod ndiyo kwanza anagonga miaka 19. Ametoka kusikiliza bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, katika ukumbi wa Eel Pie, kisiwa kidogo ndani ya mto Thames, anasubiri treni, amelewa kidogo, anapuliza kinanda cha mdomo na kuimba wimbo wa mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf. Kwenye jukwaa hilohilo la stesheni yuko mwimbaji aliyekuwa akitumbuiza usiku ule, John Baldry, jitu la futi sita na inchi saba lililoitwa Long John kwa sababu hiyo. Baldry anasikia sauti inatoka gizani, anamwendea kijana, anamwalika kwenye bendi yake. Mshahara ulikuwa pauni 35 kwa wiki, fedha ambayo wafanyakazi wengi wa Uingereza wakati ule hawakuiona.

Tazama kilichomvutia Baldry. Hakumwona Rod vizuri, hakujua anatoka wapi, na kijana hakuwa na wimbo hata mmoja alioutunga. Alisikia sauti tu, ile ya mikwaruzo, kama mtu aliyeimba usiku kucha na bado ana la kusema. Kwa miaka saba iliyofuata hiyo ndiyo ilikuwa mali pekee ya Rod Stewart.

Elton naye alizaliwa tarehe 25 Machi 1947 huko Pinner, kitongoji tulivu pembezoni mwa London, kwa jina la Reginald Kenneth Dwight. Baba alikuwa askari wa jeshi la anga, mkali na mara nyingi hayupo. Mama ndiye aliyekuwa analeta nyumbani santuri za Elvis Presley. Mtoto alianza kubonyeza piano akiwa na miaka mitatu. Akiwa na 11 akapata nafasi katika Royal Academy of Music, kwa madarasa ya Jumamosi, na mwalimu wake mmoja alisimulia kwamba alimpigia kipande cha Handel cha kurasa nne, na mtoto akakirudisha chote papo hapo kama santuri.

Basi shule ilikuwepo. Ila mwambie kaka yako kwamba kuna Jumamosi ambazo Reg, kama alivyoitwa, alitoka nyumbani akapanda treni ya chini ya ardhi na kuzunguka nayo London mpaka muda wa masomo ukaisha. Na usikose kumwambia habari ya baa. Akiwa na miaka 15 alipata kazi ya kupiga piano katika hoteli moja ya Northwood Hills, jioni za mwisho wa wiki. Wateja walikuwa wanywaji wa kawaida, wengine wakorofi. Aliwapigia walichotaka: nyimbo za kale, za Ray Charles, na za Jim Reeves, Jim Reeves huyuhuyu ambaye wazee wetu wengi wanamjua kwa sauti yake ya upole. Chombo cha kuchangia kilipitishwa mezani. Ugomvi ukizuka na chupa zikianza kuruka, Reg alitoroka kupitia dirisha lililokuwa karibu na piano, akisubiri nje hali itulie, kisha anarudi kuendelea. Kwa fedha za pale alinunua kinanda cha umeme. Mtu aliyeujua ukumbi wa namna ile akiwa na miaka 15 huwezi kusema mtaa haukumgusa.

Mwaka 1965 aliacha shule wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho, akaajiriwa kwa wachapishaji wa muziki, kazi yake kufunga vifurushi na kuchemsha chai. Usiku alikuwa na bendi yake ya majirani, Bluesology. Mwaka huohuo bendi ikatoa santuri ya kwanza, wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe, na haikufika popote. Kilichowaweka mjini ni kazi ya kuwasindikiza waimbaji weusi wa Marekani waliokuja kuzuru Uingereza: Major Lance, Patti LaBelle na wenzake, Doris Troy, Billy Stewart. Ukimsindikiza Patti LaBelle hukosei mara mbili. Hiyo nayo ni shule, na mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko ile ya Jumamosi.

Hapa njia zao zinakaribiana. Rod alikaa na Baldry mpaka mwanzoni mwa 1966, kwanza katika Hoochie Coochie Men, kisha katika Steampacket, kundi lililokuwa pia na Julie Driscoll na mpiga kinanda Brian Auger. Mwaka huohuo, baada ya Rod kuondoka, Baldry alihitaji bendi mpya. Akaichukua Bluesology. Kwa maneno mengine, kiti alichoondoka Rod kilikuwa bado na joto Elton alipoingia nyumba ileile.

Ila hawakuketi sehemu moja. Kwa Baldry, Rod alisimama mbele kama mwimbaji tangu mwanzo, akivaa kitanashati na nywele zimesimama. Baldry alimpa nyimbo nzima aimbe, akamwachia ajifunze mbele ya watu. Reg aliwekwa nyuma. Baldry alileta waimbaji wengine, na kijana mnene mwenye miwani akabaki kupiga kinanda huku wenzake wakiimba. Mambo yakaharibika zaidi mwishoni mwa 1967, Baldry alipoiacha bluzi, akatoa wimbo laini wa mapenzi uliofika namba moja Uingereza, na bendi ikahamia kumbi za chakula cha jioni, watu wakitafuna samaki huku wao wanapiga. Elton amesema waziwazi kwamba aliona maisha yake yanaishia pale.

Alipoondoka Bluesology alichukua vitu viwili: jina la mpiga saksofoni wa bendi, Elton Dean, na jina la bosi, John. Ndiyo maana kila anayetamka Elton John, ajue asijue, anawataja wanamuziki wawili wa bendi ile.

Na Baldry alimwachia zaidi ya jina. Mwaka 1968 Elton alikuwa amechumbia, harusi imekaribia, naye ana huzuni isiyoelezeka. Baldry, ambaye kama Elton alikuwa shoga katika nchi ambako jambo hilo lilikuwa limetoka tu kuondolewa jinai, alimketisha usiku mmoja akamwambia asifunge ndoa ile. Elton akaivunja. Miaka saba baadaye yeye na mwandishi wake wa maneno waliandika wimbo mrefu kuhusu usiku huo, na Baldry yumo ndani yake.

Sasa turudi kwenye upungufu wao, maana hapo ndipo tofauti yao halisi ilipo.

Sauti ya Rod ilimpa kazi, lakini sauti bila nyimbo ni gari bila mafuta. Singo yake ya kwanza (santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande), mwaka 1964, ilikuwa wimbo wa zamani wa bluzi. Kijana aliyepiga gitaa la besi siku ile ni John Paul Jones, ambaye baadaye alikuwa wa bendi ya Led Zeppelin. Bahati mbaya bendi ya Yardbirds walitoa wimbo uleule wakati uleule, nao ndio waliosikika. Akatoa singo nyingine, kimya. Akahamahama bendi kama wanamuziki wanavyohama: Steampacket, kisha Shotgun Express pamoja na Peter Green na Mick Fleetwood, kisha mwaka 1967 kwa Jeff Beck, mpiga solo hodari kuliko wote wa wakati ule.

Juni 1968 Jeff Beck Group walipanda kwa mara ya kwanza jukwaa la Fillmore East, New York. Rod alipouona ukumbi umejaa, koo lilimkauka. Akaenda nyuma ya maspika makubwa, akainama, akauimba wimbo wa kwanza akiwa hapo. Watu wakasikia sauti nzito yenye mikwaruzo na hawamwoni mwimbaji. Kwangu picha hiyo inaeleza miaka yake yote ya mwanzo: miaka minne baada ya Twickenham, bado ni sauti inayotoka gizani, ikiimba muziki wa mtu mwingine.

Sauti hiyo aliiuza rahisi pia. Mwaka 1969 bendi moja ya Waaustralia, Python Lee Jackson, ilimwita studio aonyeshe tu jinsi wimbo wao unavyopaswa kuimbwa. Malipo yalikuwa vitambaa vipya vya viti vya gari lake. Waliitoa rekodi ikiwa na sauti yake, na mwaka 1972, Rod akiwa tayari nyota, ikapanda hadi namba tatu Uingereza.

Elton alikuwa na tatizo lililokaa kinyume. Juni 1967 aliona tangazo la kampuni ya Liberty katika gazeti la muziki, wakitafuta vipaji. Akaenda kwenye usaili, akaombwa aimbe. Aimbe nini? Hakuwa na nyimbo zenye maneno yake, akaimba za Jim Reeves alizozizoea kule baa. Wakamkataa. Alipoeleza kwamba anaweza kutunga tuni ila maneno hana, mtu wa kampuni, Ray Williams, akanyoosha mkono kwenye rundo la barua na kumpa bahasha moja. Ndani mlikuwa na mashairi ya kijana wa miaka 17, mtoto wa mashambani huko Lincolnshire, aliyejibu tangazo lilelile kwa sababu yeye anaandika maneno na hajui muziki. Huyo ni Bernie Taupin. Sijui bahasha nyingine katika muziki wa karne ile iliyozaa kama hiyo.

Wakafanya kazi kwa namna ambayo hawajaibadili tangu hapo: Bernie anaandika peke yake, anampa Elton karatasi, Elton anakaa kwenye piano na kuiimbia. Mwishoni mwa 1967 mchapishaji Dick James aliwaajiri wawili hao watunge nyimbo za kuimbwa na watu wengine. Waliishi kwa mama yake Elton, chumba kimoja, kitanda cha ghorofa. Wimbo wao mmoja ulishindanishwa mwaka 1969 kuiwakilisha Uingereza katika Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, ukaimbwa na Lulu, ukawa wa mwisho. Ili apate nauli Elton alikuwa akipiga kopi studio: kampuni za santuri za bei rahisi zilirekodi upya nyimbo zinazovuma, bila kumtaja mwimbaji, naye akaimba kwa kuiga sauti ya yeyote aliyehitajika siku hiyo. Basi Rod alilipwa vitambaa vya gari, Elton alilipwa ili asifanane na Elton. Mizani ya tabu ikipimwa hapo, siioni ikilala upande wowote.

Aliyewaokoa ni Steve Brown, mfanyakazi wa Dick James, aliyewaambia waache kuwatungia wengine vitu vya kupendeza na waandike wanavyosikia wenyewe. Mwaka 1969 ikatoka albamu ya kwanza, Empty Sky, na asubuhi moja ya mwaka huohuo, pale kwa mama, wakati wa kifungua kinywa, Bernie aliandika maneno ya Your Song. Elton aliyatia tuni kwa muda mfupi mno.

Wimbo huo usikilize kwa utulivu, usiku, bila kelele. Piano inaanza peke yake, kisha anaingia kijana wa miaka 22, na maneno yake ni ya mtu anayejikwaa: anaanza jambo, analiacha, anaomba radhi, anajaribu tena. Mtunzi mwingine angeyanyoosha. Elton ameyaacha yajikwae, akaweka tuni inayosubiri kila pale mwenye kusema anaposita. Hapo ndipo shule ya Jumamosi inaposikika, katika kujua lini usipige.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Albamu iliyobeba wimbo huo ilitoka Aprili 1970, na tarehe 25 Agosti Elton alipiga kwenye ukumbi mdogo wa Troubadour, Los Angeles, akiwa na besi na dramu tu, hakuna gitaa. Yule aliyewekwa nyuma ya kinanda miaka yote sasa alikipiga teke kiti cha piano na kuendelea kupiga amesimama. Mkosoaji Robert Hilburn wa Los Angeles Times akamsifu kwa maneno makubwa, na Marekani ikamfungukia akiwa na miaka 23.

Rod alisubiri mwaka mmoja zaidi. Kufikia hapo alikuwa na mikataba miwili, mmoja wa kuimba peke yake na mwingine na Faces, bendi aliyojiunga nayo na Ron Wood mwaka 1969. Na, hili ndilo muhimu, alikuwa ameanza kutunga. Maggie May aliutunga pamoja na mpiga gitaa Martin Quittenton. Una dakika tano na zaidi, hauna kiitikio, ni kijana tu anayesimulia mapenzi yake na mwanamke aliyemzidi umri, huku anataka kuondoka na hataki. Kampuni iliuweka upande wa pili wa singo. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Oktoba 1971 singo na albamu yake, Every Picture Tells a Story, zilikuwa namba moja kwa pamoja, Uingereza na Marekani.

Ukiusikiliza, sikiliza dramu. Mpigaji wake, Micky Waller, alifika studio bila matoazi, wakarekodi hivyohivyo, matoazi yakaongezwa baadaye. Mandolini ya mwishoni ni ya Ray Jackson wa kundi la Lindisfarne. Kwenye jalada Rod aliandika kwamba jina la mpigaji limemtoka. Mtu aliyelala chini ya madaraja anajua kufanya kazi na kilichopo.

Umeuliza uanzie wapi. Mpe kaka yako Gasoline Alley ya Rod, ya Juni 1970, aende moja kwa moja kwenye Country Comfort. Kisha mwambie nani ameutunga: Elton na Bernie. Wao walikuja kuutoa kwenye albamu yao, Tumbleweed Connection, miezi kadhaa baadaye. Mwenye sauti alikuwa akitafuta nyimbo, mwenye nyimbo alikuwa amezoea kuzitoa ziimbwe na wengine, na wimbo ukatangulia kusikika kwa mdomo wa Rod. Sikilizeni zote mbili mfululizo. Rod anauimba kama mtu aliyerudi kijijini na vumbi kwenye viatu. Elton anauimba kama mtu anayekiangalia kijiji hicho kutoka dirishani. Mimi, kwa wimbo huu mmoja, naegemea kwa Rod, na najua hilo litamfurahisha kaka yako. Kwa Your Song, ambao Rod naye aliurekodi miaka mingi baadaye, simpi hata nusu.

Urafiki wao haukuisha hapo. Rod ameandika kwamba yeye, Elton na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, waliwahi kuwazia kundi la watatu litakaloitwa Pua, Meno na Nywele. Halikuundwa.

Halafu tafuteni kwa pamoja It Ain't Easy, albamu ya Long John Baldry ya mwaka 1971. Wakati huo Baldry alikuwa ameshuka, na vijana wake wawili ndio waliokuwa wanapanda. Wakarudi studio kwake, wakagawana kazi ya kusimamia kurekodi: upande wa kwanza wa santuri ni wa Rod, na wa pili ni wa Elton.